Mifumo isomane: kutoka flashi ya karani hadi foleni ya ujumbe

Maneno yanayosikika sana siku hizi kwenye hotuba na vikao vya halmashauri ni "mifumo isomane". Nayapenda kuliko "kuunganishwa", kwa sababu yanataja kazi yenyewe: mfumo mmoja umeandika kitu, mwingine unatakiwa ukisome na kukielewa vilevile. Ugumu wote umejificha katika hilo "vilevile".

Chukua chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, AMCOS ya kawaida yenye vituo kadhaa vya kuchakata kahawa mbivu (wakulima wanaviita CPU, wala hawamaanishi ya kompyuta). Mkulima anafika na mzigo wake, karani anaweka kwenye mizani, inasoma kilo 64.5. Namba hiyo moja lazima ifike kwenye daftari la chama, ifike SACCOS inayomdai mkulima mkopo wa mbolea, ifike benki inakotoka fedha ya malipo ya awali, na ifike kampuni ya simu itakayomwingizia fedha hiyo. Ukihesabu na mizani, hapo kuna mifumo mitano. Ukitaka kila mmoja usomane na kila mwenzake moja kwa moja, ni viungo 10. Mifumo ikifika 10, viungo vinakuwa 45.

Njia za kusomanisha mifumo zimebadilika mno katika miaka 50 hivi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kila njia ilizaliwa pale iliyotangulia ilipokatikia, na ukijua ilikatikia wapi, unajua pia wapi bado inafaa. Huku kwetu, ambako mvua ikinyesha umeme unaondoka na mtandao nao unaufuata, jambo hilo lina uzito kuliko jina la teknolojia.

Faili

Njia ya kwanza ni faili. Mfumo A unaandika, mfumo B unasoma baadaye. Maelezo ya kwanza ya FTP, utaratibu wa kuhamisha faili kwenye mtandao, yaliandikwa mwaka 1971. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukaja na EDIFACT, lugha ya hati za biashara kama oda na ankara. CSV, ile ya safu zilizotengwa kwa mkato, ilitumika kwa miongo kadhaa bila maelezo rasmi, mpaka RFC 4180, hati ya kanuni za mtandao, ilipoandikwa mwaka 2005. Ndiyo maana hadi leo kila programu ina CSV yake.

Wengi huidharau faili. Mimi siidharau. Kama SACCOS inakata mikopo mara moja kwa wiki, faili moja ya Ijumaa jioni inatosha kabisa, hata ikipelekwa na bodaboda kwenye flashi. Ila itengenezwe kwa adabu:

Faili iandikwe kwanza kwa jina la muda, mfano makato_20250711_01.tmp, na ikishakamilika ndipo ibadilishwe jina kuwa .csv. Bila hivyo mfumo unaosoma utaikuta katikati ya kuandikwa, utachukua mistari 200 kati ya 350, na hautalalamika. Mstari wa mwisho ubebe idadi ya mistari na jumla ya fedha. Msomaji ahesabu mwenyewe, visipolingana akatae faili yote, asiingize nusu. Jina libebe tarehe na namba ya mfuatano, na mfumo unaopokea uweke orodha ya majina uliyokwisha kuyapokea. Faili ileile ikiingizwa mara mbili, mkulima anakatwa mkopo mara mbili, na hilo ndilo kosa linalovunja imani ya wanachama haraka kuliko yote.

Halafu kuna Excel. Karani akiifungua CSV "aiangalie tu" kisha akabonyeza hifadhi, mambo matatu hutokea kimyakimya. Namba ya simu 0754… inapoteza sifuri ya mwanzo. Namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12 inageuka kuwa kitu kama 9.91235E+11, na kwa kuwa CSV huhifadhi kinachoonekana kwenye seli, tarakimu za nyuma hazirudi tena. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Ikiandikwa bila vistari, Excel inashika tarakimu 15 tu, na tano za mwisho zinakuwa sifuri. Kwa hiyo wanachama wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kugeuka mtu mmoja. Dawa ni kumpa karani ripoti ya PDF ya kuangalia, na faili ya mashine asiiguse mtu.

Mkato nao ni mtego. Ukiandika 1,250,000 kwenye CSV bila alama za kunukuu, umetengeneza safu tatu. Fedha iandikwe 1250000. Tarehe iandikwe 2025-04-03, maana 03/04 kuna atakayeisoma Aprili na kuna atakayeisoma Machi.

Kanzidata moja kwa wote

Faili ilikatikia kwenye kuchelewa. Taarifa ya Ijumaa haimsaidii mkulima anayetaka kujua salio lake Jumanne. Wakaja waliosema: kwa nini tusitumie kanzidata (database) moja, programu zote zisome na kuandika humohumo?

Inafanya kazi vizuri sana, hadi siku mtu mmoja anapobadilisha safu ya uzito kutoka kilo kwenda gramu. Programu yake inaendelea vizuri. Ya jirani inasoma 64500 na kuamini ni kilo. Hakuna ujumbe wa kosa popote, kwa sababu namba ni namba. Ukilazimika kutumia njia hii, mpe mwenzako mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma tu, tena asome mwonekano (view) uliomtengenezea, wenye safu anazohitaji tu, asiguse jedwali lenyewe. Yatosha kuhusu hilo.

Kuita kazi iliyo mbali

Mwaka 1984 Birrell na Nelson, waliokuwa Xerox PARC, walichapisha namna ya kuifanya programu iite kazi iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko hapohapo. Wazo hilo likazaa CORBA mwaka 1991, DCOM ya Microsoft mwaka 1996 na RMI ya Java mwaka 1997. Kasoro yao kubwa iko kwenye hilo "kana kwamba". Ukiita kazi ndani ya kompyuta yako, kuna majibu mawili: imefanyika au imeshindikana. Ukiita kazi iliyo mbali, kuna la tatu: haijulikani. Ombi limefika na kazi imefanyika, ila jibu limepotea njiani. Au ombi lenyewe halikufika. Kwako wewe unayesubiri, hali hizo mbili zinafanana kabisa.

Miaka ya 1990 wahandisi wa Sun Microsystems, akiwemo Peter Deutsch, waliorodhesha imani potofu za watu wanaotengeneza mifumo ya mtandaoni. Ya kwanza kwenye orodha ni kwamba mtandao unaaminika. Aliyewahi kufanya kazi Makete au Ludewa hahitaji kuelezwa zaidi. Nitarudi kwenye hilo jibu la tatu, maana ndipo fedha za watu zinapopotea.

XML, SOAP, na mtu wa kati

XML, namna ya kuandika taarifa ndani ya lebo, ilikamilishwa Februari 1998. SOAP 1.1, utaratibu wa kutumiana ujumbe wa XML, ikatoka mwaka 2000. Faida yake kubwa ilikuwa ndogo kimaneno: ujumbe ulipita kwenye njia ileile ya kurasa za wavuti, kwa hiyo kuta za ulinzi za ofisi hazikuuzuia, na programu ya Java ingeweza kuzungumza na ya .NET, ya Microsoft. Gharama yake ni uzito. Ujumbe wa kusema kilo 64.5 unavaa makoti matatu.

Usidhani XML imekufa. GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017, umejengwa juu ya XML yenye saini ya kidijitali, na kila taasisi inayotoa namba ya kumbukumbu ya malipo inakutana nayo. Utaratibu wake ni wa kujifunzia: unatuma bili, unapewa namba, mteja analipa kwa simu au benki kwa wakati wake, taarifa ya malipo inakujia, na baadaye unalinganisha orodha yako na ya kwao. Hakuna anayeshikilia laini kumsubiri mlipaji. Kinachowasumbua wengi kwenye XML yenye saini ni kwamba saini hukokotolewa juu ya baiti zilezile. Ukiipanga upya XML ipendeze macho, ukaongeza nafasi moja au mstari mpya, saini inakataliwa. Saini kwanza, tuma kilekile ulichosaini, usikiguse.

Vile viungo 45 nilivyovitaja ndivyo vilivyoleta basi la huduma, ESB: kila mfumo unaunganishwa na kitovu kimoja, viungo vinabaki 10. Mamlaka ya Serikali Mtandao inayo GovESB kwa kazi hiyo, na kwa mifumo mingi yenye wamiliki tofauti, ni uamuzi sahihi. Kitovu huharibika pale kanuni za kazi zinapoanza kuwekwa humo. Leo kitovu kinabadilisha muundo wa tarehe, kesho kinakokotoa makato ya mkopo, na mwaka ujao hakuna ajuaye kwa nini mkulima amekatwa TSh 12,000. Kitovu kipeleke na kutafsiri. Hesabu zibaki kwa mwenye hesabu.

REST na JSON, njia ya kila siku

Mwaka 2000 Roy Fielding aliandika tasnifu yake ya uzamivu iliyoipa jina REST, mtindo wa kuomba na kutuma taarifa kwa anuani za wavuti, na katika miaka hiyohiyo Douglas Crockford akaitangaza JSON, namna nyepesi ya kuandika taarifa kwa maandishi. Leo ukisema API, yaani mlango ambao programu moja huupitia kuzungumza na nyingine, kila mtu anafikiria hizo mbili. Ni nyepesi, unaweza kuzisoma kwa macho, na simu ya bei nafuu inazimudu. Rekodi moja ya mizani kwa JSON haizidi baiti 300 hivi. Kituo kikipima mara 400 kwa siku ni kama kilobaiti 120. Hata mtandao wa 2G unaibeba.

Makosa yake ni ya kujirudia, kwa hiyo yanaepukika.

Misimbo ya HTTP, namba ambazo seva hutanguliza kwenye jibu lake, ina maana, iheshimu. 400 ni kosa lako, ukituma tena utapata 400 ileile. 401 ni tokeni, kitambulisho chako kwa seva, imeisha muda au si sahihi. 429 ni umepiga hodi mno, subiri. 500, 502, 503 na 504 ni upande wa pili, jaribu tena baadaye. Wapo wanaorudisha 200 huku ndani ya ujumbe wameandika kwamba imeshindikana. Ukisoma msimbo tu utamwambia mkulima amelipwa. Soma vyote viwili.

NIDA, namba ya simu na namba ya kumbukumbu ziandikwe kama maandishi, ndani ya alama za kunukuu. JavaScript, lugha ya programu za wavuti, haiaminiki kwa namba nzima zaidi ya 9,007,199,254,740,991, na NIDA inapita hapo kwa mbali. Uzito tunza kwa gramu, 64500, na fedha kwa shilingi nzima. Namba za desimali za kompyuta hujumlisha 0.1 na 0.2 zikapata 0.30000000000000004, na mwisho wa msimu mabaki hayo yanafanya vitabu viwili visilingane.

Wakati nao unataka uangalifu, na sisi wa nyanda hizi tuna mfano usiopatikana Dar es Salaam. Lori linatoka Tunduma saa 14:20 na kupokelewa Nakonde saa 13:50. Si muujiza: Zambia iko saa moja nyuma yetu, na Malawi vilevile kwa wanaopitia Kasumulu. Mifumo miwili ikiandika saa bila kutaja ukanda, safari inachukua dakika 30 pungufu ya sifuri. Andika 2025-07-14T14:20:00+03:00, na upande wa pili +02:00, hesabu itatoka sawa. Na kwenye fomu ya karani usiache kisanduku wazi cha kuandika saa: saa 2 asubuhi yake itaingia kama 02:00 usiku. Simu iandike saa yenyewe.

Usiulize, utaambiwa

Mfumo wa chama ukitaka kujua kama malipo yamepita, unaweza kuuliza kila baada ya sekunde 5. Hayo ni maswali 17,280 kwa siku, karibu yote jibu lake ni "bado". Kuanzia 2007 likasambaa wazo la webuhuku: mpe mwenzako anuani yako, tukio likitokea akupigie yeye. Kampuni za malipo hufanya hivyo.

Ukipokea, fanya kwa mpangilio huu: hakiki saini ya ujumbe, uhifadhi kama ulivyo, jibu 200, kisha ndipo uushughulikie. Ukianza kukokotoa na kutuma SMS kabla ya kujibu, mtumaji atachoka kusubiri na kuutuma tena. Tarajia kuupata ujumbe mmoja mara mbili, na tarajia wa pili kutangulia wa kwanza. Na kwa kuwa seva yako itakuwa chini siku fulani, vuta orodha ya miamala mara moja kwa siku, ujaze mapengo. Angalia pia cheti cha usalama cha seva: vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, havidumu zaidi ya siku 90, na kikiisha, webuhuku zote zinagoma huku programu yako ikionekana nzima.

Foleni

Sasa tuko kwenye njia ninayoiona inatufaa kuliko zote. IBM ilitoa MQSeries mwaka 1993, RabbitMQ ikaja 2007, Kafka ikatoka LinkedIn na kuwa ya wazi kwa yeyote kuitumia mwaka 2011. Wazo ni la posta: mtumaji anaweka barua kwenye sanduku, mpokeaji anaichukua akiwa tayari. Si lazima wote wawili wawe macho kwa wakati mmoja.

Kwenye kituo cha kahawa huhitaji Kafka. Unahitaji jedwali moja ndani ya simu au kompyuta ya karani, tuliite kikasha cha kutoka. Karani akipima, programu inaandika vitu viwili katika muamala mmoja wa kanzidata: rekodi ya uzito, na barua kwenye kikasha. Vyote viingie au vyote visiingie. Ukiandika uzito kwanza halafu ukatuma mtandaoni, umeme ukikatika katikati una rekodi ambayo makao ya chama hayatakaa yaijue. Risiti inatoka papo hapo, mkulima anaondoka, mtandao uwepo usiwepo.

Kazi nyingine ya nyuma inachukua barua moja moja na kuzituma. Ikishindikana, isubiri sekunde 2, kisha 4, 8, 16, mpaka ifike dakika 5, na kila mara iongeze sekunde chache za kubahatisha. Hizo za kubahatisha ni muhimu: umeme ukirudi wilaya nzima, vituo vyote vikipiga seva sekunde moja vinaiangusha tena.

Kila barua ibebe ufunguo wake wa pekee, UUID, uliotengenezwa kabla ya kutuma na kuhifadhiwa. Mpokeaji aukatae ufunguo uliojirudia kwenye jedwali lake, lakini amjibu mtumaji jibu lilelile la mwanzo, asimpe kosa. Akimpa kosa, barua itazunguka milele. Na barua yenye kasoro, mfano ya mwanachama asiyekuwepo, ikishindikana mara 10 iwekwe pembeni mtu aiangalie. Isipowekwa pembeni inaziba foleni, na barua 300 nzima nyuma yake zinasubiri kosa la moja.

Ufunguo huohuo ndio unaotibu lile jibu la tatu. Chama kinatuma amri ya kumlipa mkulima TSh 480,000. Sekunde 30 zinapita, kimya. Mfumo uliotengenezwa vibaya unaandika IMESHINDIKANA, mhasibu anabonyeza "lipa" tena kwa ufunguo mpya, na mkulima anapata 960,000. Hali sahihi ya kuandika ni HAIJULIKANI. Toka hapo kuna njia mbili tu: kuuliza hali ya muamala kwa ufunguo uleule, au kutuma tena kwa ufunguo uleule. Kitufe cha kulipa upya kifungwe mpaka jibu lipatikane.

Kuna pia njia mpya zaidi za kuomba taarifa, gRPC ya Google na GraphQL ya Facebook, zote zilitolewa wazi mwaka 2015. Ya kwanza ni ya kasi kati ya seva na seva. Ya pili humruhusu mteja kuchagua sehemu za taarifa anazotaka. Kwa chama cha ushirika sioni zitakakoongeza kitu.

Kisichotibiwa na njia yoyote

Mfumo mmoja unaandika "gunia 1 la viazi". Mwingine unasoma gunia 1 na kuzidisha kwa kilo 100. Lakini gunia lenyewe lilikuwa lumbesa kutoka Njombe, limeshonewa kilemba juu, na marufuku zote tunazozijua hazijalimaliza. JSON ni safi, saini ni halali, foleni haikupoteza kitu, na bado taarifa ni ya uongo. Kubalianeni kwa maandishi: kipimo ni gramu, basi. Debe, gunia na tenga vibaki kwenye skrini ya karani, visivuke kwenda mfumo wa pili.

Majina vilevile. Katika kijiji kimoja cha Rungwe utakuta majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- yanayotofautiana herufi moja, na kila ofisi ina tahajia yake. Jina lisiwe kamwe ndilo la kutambulishia. Tumia namba ya uanachama, na kila mfumo uhifadhi namba ya mwenzake pembeni ya yake. NIDA yenyewe usiisambaze kwa kila anayeomba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka utoe kile tu ambacho kazi inahitaji, na SACCOS inayokata mkopo inahitaji namba ya mwanachama na kiasi.

Kwa AMCOS yetu ya Mbozi ningejenga hivi: kikasha cha kutoka kwenye kila kituo, JSON kwenda seva ya chama, faili yenye mstari wa jumla kwenda SACCOS kila Ijumaa, API yenye ufunguo kwenda kampuni ya simu, na webuhuku kurudi. Kila siku saa 3 asubuhi, 09:00, ripoti moja ya kulinganisha siku iliyopita: gramu zilizopimwa vituoni dhidi ya gramu zilizofika makao, shilingi zilizoagizwa dhidi ya zilizothibitishwa, na idadi ya miamala iliyo HAIJULIKANI. Tofauti za safu mbili za kwanza ziwe sifuri. Zisipokuwa sifuri, malipo ya siku hiyo yasianze mpaka ijulikane ni kituo gani na ni barua ipi.